Mradi wa vitendo kwa mwanafunzi wa kilimo Tanga: namna ya kuchagua ule utakaoumaliza

Kila wanafunzi wapya wanapofikia hatua ya mradi wa vitendo, maswali huwa yale yale. "Mwalimu, mradi gani unalipa?" "Mwalimu, nikifuga kuku nitapata alama nzuri?" "Mwalimu, mimi sina shamba, nifanyeje?" Nimeyajibu chini ya mwembe, nimeyajibu ndani ya daladala ya Muheza, na usiku nimeyajibu kwa simu. Nayaandika hapa ili wewe unayeanza upate pa kushika, na tukikutana tuzungumze habari za mradi wako wenyewe.

Ninaposema mradi wa vitendo nina maana hii: kazi unaifanya wewe kwa mikono yako, mwalimu au afisa ugani anakufuatilia, na kila kinachotokea unakiandika. Njia hii ya kufundisha ilishika mizizi Massachusetts, Marekani, kuanzia 1908, chini ya mwalimu Rufus Stimson, ambaye alitaka mwanafunzi aende kufanya nyumbani kile alichosoma darasani. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa na mashamba ya wazazi wao. Wewe pengine umepanga chumba Makorora au Ngamiani na shamba la kwenu liko mbali, kwa hiyo kuchagua kwako kunataka hesabu zaidi.

Swali la kwanza nitakalokuuliza si mradi gani unalipa. Nitakuuliza: siku ya mtihani, nani atamwagilia?

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Kalenda ya chuo yenye tarehe za mitihani na likizo.
- Daftari gumu moja. Karatasi zilizokunjwa mfukoni hupotea.
- Tepu ya kupimia na mizani. Ya jikoni inatosha kwa mboga. Kwa kuku tafuta ya kuning'iniza.
- Simu yenye kamera.
- Pesa iliyo mkononi leo. Ile uliyoahidiwa na mjomba usiihesabu.
- Mtu wa pili atakayeshika kazi ukiugua au ukiwa kwenye mtihani. Umwombe sasa, kabla hujamhitaji.

Hatua ya 1: Hesabu siku zako

Fungua kalenda. Futa wiki ya mitihani, futa wiki mbili zilizo kabla yake, futa likizo. Zilizobaki ndizo siku zako. Wengi hudhani wana miezi minne, wakishafuta wanabaki na wiki kumi. Sasa linganisha na muda ambao mazao na mifugo huhitaji:

- Mchicha: siku 21 hadi 30 tangu kusia mbegu.
- Kuku wa nyama: wiki 5 hadi 6.
- Mwani: siku kama 45 kwa mzunguko mmoja.
- Uyoga mamama: wiki 8 hadi 10 ukihesabu kujaza mifuko, kusubiri utando mweupe uenee, na michumo ya kwanza.
- Sungura: mimba siku 31, kisha wiki kadhaa za kunyonyesha.
- Mahindi: siku 90 hadi 120.
- Kuku wa mayai: yai la kwanza huja wiki ya 18 hadi 20.
- Muhogo: miezi 9 hadi 12.
- Mche wa mchungwa, tangu mbegu hadi kuuzwa: zaidi ya mwaka.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwanafunzi akiona mchungwa unachukua zaidi ya mwaka, anauacha, anakimbilia kuku kwa sababu wenzake wote wamekimbilia kuku. Lakini si lazima ufanye safari nzima ya zao. Chukua kipande chake.

Muheza wapo watu wanaotengeneza miche ya michungwa ya kubebesha, yaani kupachika jicho (chipukizi) la mti mmoja kwenye shina la mche mwingine. Nenda kwa mmoja wao, omba mashina 60. Yeye abebeshe 30, wewe 30, siku moja, majicho kutoka mti mmoja. Baada ya wiki tatu hivi fungueni nailoni mliyofungia majicho. Jicho lililobaki kijani limeshika, lililogeuka jeusi limekufa. Hesabu. Labda wako wameshika 11 na wake 27. Hapo umepata mradi: kwa nini yeye anakushinda? Kisu? Mwendo wa mkono? Unakawia mno kufunga? Rudia mzunguko wa pili ukirekebisha jambo moja. Mradi huu hauhitaji mtaji wa maana, unaisha ndani ya wiki nane, na utakuachia ufundi wa kukulisha maisha yako yote. Naupenda kuliko mabanda mengi ya kuku niliyokagua.

Muhogo nao hivyo hivyo. Huwezi kuupanda na kuuvuna katika muhula mmoja, lakini unaweza kukagua ugonjwa kwenye mashamba yaliyopo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutoka Amani, milimani kwetu hapa, mwaka 1936, na hadi leo unawaumiza wakulima wa pwani. Tembea shamba kwa kukata kona hadi kona, kagua mashina 30, andika mangapi yana batobato (ugonjwa mwingine wa muhogo, unaotia mabaka) kwenye majani machanga na mangapi yana dalili ya michirizi, yaani rangi ya manjano kandokando ya mishipa ya majani ya chini. Mkulima akivuna, uwepo: kata mihogo yenyewe, tazama madoa ya kahawia ndani. Utashangaa kuona shina lililopendeza juu limeoza chini.

Hatua ya 2: Soma mvua, bahari na kisima

Masika hushika kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ni jua kali. Weka miezi hii juu ya kalenda yako ya chuo uone inaangukia wapi.

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia maeneo ya Pongwe alipanda nyanya mwezi Machi kwa sababu "mvua zinakuja, sitamwagilia". Mvua zilikuja kweli, na bakajani, ugonjwa wa ukungu wa nyanya, likaja nazo. Ndani ya siku chache majani yalikuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Alilia, na mimi nilijilaumu, kwa maana ratiba yake nilikuwa nimeitia sahihi bila kumuuliza mwezi.

Ukiwa karibu na bahari, onja maji ya kisima kabla ya kupanda chochote. Maji yenye chumvi huangusha maharage upesi. Mchicha huvumilia zaidi.

Kama unataka mwani, jua kwamba kazi yake inafuata bamvua, siku za maji makubwa kujaa na kupwa. Mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa sana, na pwani yetu yanapwa saa nne au saa tano asubuhi. Saa hizo wewe uko darasani. Zungumza na mwalimu wako mapema, au shirikiana na akina mama wanaolima mwani ili wao washike siku ambazo huwezi. Na epuka miezi ya joto la kaskazi kama unaweza, maana maji yakipata moto sana mwani hupauka na kukatika.

Hatua ya 3: Amua mradi utakuwa wa namna gani

Si kila mradi ni biashara yako. Zipo njia nne zinazofanya kazi hapa kwetu:

1. *Mali yako.* Kuku wako, matuta yako, hasara yako na faida yako.
2. *Kazi kwa mtu.* Unajishikiza kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa au kituo cha kukusanyia maziwa. Unajifunza kupima maziwa kwa laktomita (kipimo kinachoonyesha kama yametiwa maji), kuosha vyombo, kutunza kumbukumbu.
3. *Uchunguzi mdogo.* Unajaribu jambo moja na kulipima, kama ule wa kubebesha.
4. *Huduma.* Bustani ya shule ya msingi, kitalu cha miche ya kivuli cha mtaa, kuchanja kuku wa kijiji dhidi ya ugonjwa wa kideri mkiwa na afisa mifugo.

Huna mtaji? Njia ya 2 na ya 3 ni zako. Usijione mdogo kwa hilo. Mwanafunzi aliyekamua ng'ombe wa mwenzake kwa wiki kumi, akaandika lita za asubuhi na jioni bila kuruka siku, anajua maziwa kuliko aliyekopa pesa akanunua vifaranga.

Hatua ya 4: Watembelee watu watatu kabla hujaamua

Chagua watatu wanaofanya kile unachokitaka. Nenda asubuhi au jioni jua likipoa, piga hodi, toa shikamoo, jitambulishe, sema chuo unachotoka. Usianze na daftari mkononi kama karani wa sensa. Saidia kazi kidogo kwanza.

Kisha uliza: "Mama, mwaka jana kitu gani kilikuharibia zaidi?" Nyamaza usikilize. Swali hili limewapa wanafunzi wangu mawazo mazuri kuliko kitabu chochote. Mmoja aliambiwa, "Mwanangu, kuku wangu hufa saa nane mchana, si usiku." Mradi wake ulianzia pale.

Mkoa wetu una wataalamu karibu. Mlingano, wilayani Muheza, kuna kituo cha utafiti kinachojulikana kwa udongo na mkonge. Mambo ya mifugo yana chuo cha Buhuri na kituo cha utafiti wa mifugo hapa Tanga. Peleka barua ya chuo, na uwe na swali mahususi. Ukienda na "nataka kujua kuhusu udongo" utapewa kipeperushi.

Hatua ya 5: Andika swali moja

Moja tu. Yule wa kuku waliokufa saa nane mchana aliandika: "Nikiondoa chakula kuanzia saa tano mchana hadi saa tisa, kuku watastahimili joto zaidi bila kupungua uzito?" Aligawa kuku 50 makundi mawili ya 25. Maji yalikaa muda wote kwa wote. Kila Jumamosi alipima kuku kumi wa kila kundi na kuandika vifo.

Kwa mboga, mfano mwepesi ni huu. Unataka kujua samadi ya kuku na ya mbuzi ipi inakuza mchicha vizuri zaidi. Tengeneza matuta sita ya mita 1 kwa 3. Andika vikaratasi sita, vitatu "kuku" na vitatu "mbuzi", vitie kwenye kofia, mtoto avichomoe, tuta kwa tuta. Mbegu ile ile, siku ile ile, ndoo za maji sawa. Ukivuna, pima kila tuta peke yake.

Kwa nini matuta matatu kwa kila samadi? Kwa sababu tuta moja linaweza kuwa chini ya kivuli cha mnazi, jingine palipochomwa taka zamani. Ukiwa na moja moja, hujui kama umepima samadi au umepima kivuli.

Angalia: samadi ya kuku iliyo mbichi huunguza miche. Iache ioze kwanza. Na usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Ukibadilisha samadi na mbegu, mwisho wa siku huna jibu la chochote.

Hatua ya 6: Bajeti kwa vitu, kisha kwa pesa

Anza na idadi, bei ziulize dukani siku hiyo hiyo. Tuchukue kuku wa nyama 50:

- Chakula: kuku mmoja hula takriban kilo 3.5 hadi kuuzwa. Mara 50 ni kilo 175, yaani mifuko mitatu na nusu ya kilo 50. Panga minne.
- Nafasi: kwa joto letu weka kuku wasiozidi 8 kwa mita moja ya mraba. Unahitaji mita za mraba 6 na zaidi kidogo.
- Chanjo: utaratibu wa kawaida ni ya kideri siku ya 7, ya gumboro (ugonjwa mwingine wa kuku) siku ya 14, ya kideri tena siku ya 21. Thibitisha na daktari wa mifugo na aliyekuuzia vifaranga.
- Maranda, vyombo vya maji na chakula, taa au jiko la kutia joto wiki za kwanza.
- Nauli zako. Kila safari.
- Akiba, angalau sehemu moja ya kumi ya jumla yote.

Kama pesa inatosha kuku 50 bila akiba, fuga 40.

Angalia: ukitumia jiko la mkaa kwenye bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, acha njia ya hewa, na usilale humo ndani. Moshi wa mkaa umeua watu, si vifaranga tu.

Hatua ya 7: Eneo na makubaliano

Ukipewa kipande cha ardhi, andikeni. Nusu ukurasa unatosha: ukubwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani analipa maji, mazao ni ya nani, na mkiachana njiani itakuwaje. Nakala mbili, na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji ashuhudie. Nimeona mchicha uliostawi ukivunwa na mwenye uwanja kwa hoja kwamba "ardhi ni yangu", na mwanafunzi hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Chagua mahali unapofika kwa miguu au baiskeli. Mradi unaotaka bodaboda mara mbili kwa siku utakushinda wiki ya tatu. Na ninyi mabinti, msikubali eneo linalowalazimu kupita njia ya peke yenu gizani. Mwalimu akikuambia hakuna pengine, mwambie atafute nawe.

Hatua ya 8: Mfunge msimamizi kwa tarehe

Omba ziara tatu, tarehe ziandikwe: moja kabla hujatia mbegu au kifaranga, moja katikati, moja siku ya kuvuna au kuuza. Ile ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu kosa bado halijagharimu kitu. Mkumbushe siku mbili kabla. Wasimamizi wana wanafunzi wengi, na anayekumbusha ndiye anayetembelewa.

Hatua ya 9: Anza, na uandike siku hiyo hiyo

Kila siku andika mambo matano: tarehe, ulichofanya, saa ulizotumia, pesa iliyotoka au kuingia, na ulichokiona kwa macho. Mfano:

*"Alhamisi, siku ya 9. Nimemwagilia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndoo mbili kila tuta. Dakika 50. Pesa: hakuna. Tuta la 4 lina majani yenye vitobo, nimekuta viwavi watatu wa kijani, nimewaokota kwa mkono. Tuta la 2 miche imekonda, kivuli cha mwembe kinafika saa tisa."*

Ukikosea, kiandike kilivyokuwa. "Leo sikumwagilia, niliamka na homa" ni maelezo ya thamani. Daftari lililojazwa lote usiku mmoja tunalitambua: wino mmoja, mwandiko mmoja, na kuku ambao hawajawahi kufa.

Picha piga mara moja kwa wiki, ukisimama pale pale. Choma kijiti ardhini kiwe alama ya miguu yako.

Angalia: ukitumia kiuatilifu au dawa ya mifugo, soma kibandiko ujue siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kuchinja au kukamua, na uziandike daftarini. Mboga zako zitaliwa na mtoto wa mtu. Vaa glovu, funika pua na mdomo, usipulize upepo ukikuelekea.

Ukikwama

*Vifaranga wanakufa wiki ya kwanza.* Watazame wanavyokaa. Wakirundikana karibu na joto, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni wakitweta, moto umezidi. Wakisongamana upande mmoja, kuna upepo unaingia. Rekebisha, na mpigie daktari wa mifugo siku hiyo. Usinunue antibiotiki kwa kubahatisha.

*Mbegu hazikuota.* Kabla ya kulaumu duka, weka mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, siku tano. Zikiota 16 au zaidi, tatizo ni tuta: umezika kina kirefu, au wadudu chungu wamezibeba.

*Mvua imesomba matuta.* Usianze upya kimyakimya. Piga picha, andika, mpigie msimamizi. Kama muda unaruhusu mchicha mwingine, sia tena. Kama hauruhusu, mradi wako sasa ni kupima kilichobaki na kueleza mfereji ulipaswa kupita wapi. Nimewapa alama za juu watu wenye hasara.

*Makundi mawili hayakutofautiana.* Hilo ni jibu. Kama samadi ya mbuzi na ya kuku zimetoa mchicha sawa, mkulima atumie iliyo karibu naye. Usichezee namba ili zipendeze.

*Msimamizi haji.* Mtumie picha na kurasa za daftari kila wiki, utunze ujumbe uliotuma. Wiki mbili zikipita bila jibu, mwone mkuu wa idara, ukiwa na daftari lako mkononi.

*Kuku wamefikia uzito na hakuna mnunuzi.* Hili linazuilika. Kuanzia wiki ya tatu zungumza na mama lishe, wauza chipsi na wachuuzi wa soko la Mgandini. Andika nani anataka wangapi na siku gani. Kuku akivuka wiki ya sita, chakula anachokula hakilingani tena na uzito anaoongeza, na kila asubuhi unayosubiri bei nzuri inatoka kwenye mfuko wako. Uza hata kama ni wawili wawili, na kila jioni andika waliobaki.